Nilimwapisha Bibi Kuwa Hana Mtu Duniani

Bi Recho, shikamoo. Ukurasa wako nausoma kila gazeti linapofika hapa Kigoma, na siku zote nilikuwa najisemea moyoni kwamba wanaokuandikia ni watu waliokosa wa kumwambia, sasa nimejikuta na mimi nimo kundi hilo, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho na unisaidie, hata kama itabidi unigombeze.

Mimi ni wakili, mwanaume wa miaka arobaini na mitatu, sijaoa, na ofisi yangu ipo Mwanga, juu ya duka la nyavu. Majina yote nimeyabadilisha pamoja na langu, niite Wilfred. Watu wakisikia wakili wanamfikiria mtu anayesimama mahakamani kubishana, lakini kazi inayonipa ugali ni ya muhuri, maana mimi pia ni Kamishna wa Viapo, na tangu asubuhi ngazi zinakuwa na watu walioshika bahasha, huyu kapoteza cheti cha kidato cha nne, huyu jina lake kwenye kitambulisho limepishana herufi na la benki, huyu anauza boti na injini yake, huyu anasafiri kwenda Bujumbura na mtoto wa marehemu dada yake na lazima aape kwamba ndiye mlezi. Nawauliza majina kamili, jina la baba, jina la mama, makazi, kazi, wananijibu, Mkristo anashika Biblia na Mwislamu anashika Msahafu, wanaapa, nasaini, nagonga muhuri, wanashuka ngazi, na mwingine anaingia.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza chuoni ni kwamba kazi hii inakutenga na watu, Bi Recho. Mji wetu si mkubwa, na mimi najua mengi ambayo hayapaswi kutoka kinywani mwangu, namjua aliyeapa mbele yangu kwamba hajawahi kuoa na baadaye nikamkuta kanisani ameketi na mke na watoto, najua nani wamegawana shamba la baba yao kabla baba hajazikwa, na wao wanajua kwamba najua. Nikiingia kula samaki kule Kibirizi mazungumzo yanapungua, watu wananipisha kiti, wananiita mheshimiwa, hata wazee wa rika la baba yangu, halafu wanamaliza kula haraka. Hakuna anayenichukia. Ila sikumbuki mara ya mwisho mtu kunipigia simu bila kuwa na hati ya kugongewa muhuri. Wazazi wangu walifariki kwetu Mbinga, mama alituacha nikiwa kwenye mitihani ya mwisho na niliambiwa baada ya maziko, nina dada mmoja Mbeya ambaye hunitumia ujumbe sikukuu zikifika. Jioni nafunga ofisi, nanunua chipsi, nazila nimesimama jikoni kwa sababu kukaa mezani peke yangu kunanifanya nisikie kimya cha nyumba.

Ndipo akaja Bibi Révérienne. Ni mama wa miaka kama sabini, aliletwa kutoka Burundi akiwa binti wa miaka kumi na mitano, nyuma ya shangazi yake, mwaka ule wa mauaji, sabini na mbili, akakulia huku, akapata uraia, akaolewa na Muha wa Mwandiga aliyekuwa mkulima, mumewe alishafariki, na watoto wawili aliowazaa walikufa wangali wadogo. Alikuja kwa sababu ya jina, kwenye cheti cha uraia ni Révérienne, kwenye kadi ya hospitali ni Reveriana, na kwenye karatasi za kiwanja ni Leveliana, alitaka kiapo kwamba wote hao ni yeye. Nikamuuliza maswali yangu haraka haraka kama ninavyowauliza watu wote. Jina la baba akalitaja. Jina la mama, akaweka bahasha mezani akainyoosha kwa viganja mpaka Regina, katibu muhtasi wangu, akaacha kuchapa akageuka kumtazama.

"Ndayikunda," akasema. "Sijaulizwa jina lake tangu shangazi afe."

Nikaliandika, akaniomba nimsomee, nikamsomea, akaniomba tena. Akaapa, akaenda zake, na mimi nikaendelea na wateja, lakini siku ile nzima lile jina lilikaa nami.

Baada ya hapo akawa anakuja. Mara anataka nithibitishe nakala ya cheti cha ndoa, mara anataka kuapa kwamba mbuzi wa madoa ni wake asije jirani akamdai, na jirani mwenyewe hajadai chochote. Nikaelewa kwamba bibi haji kwa ajili ya hati, anakuja kuulizwa. Kila akifika ananiambia "Bwakeye, mwana wanje," Bwakeye ni salamu ya kwao ya asubuhi na hayo maneno mengine maana yake ni mwanangu, na mimi namuuliza habari za mihogo, za mguu, za nzi waliovamia maembe yake, na yeye ananiuliza nimekula nini jana, na nikisema chipsi anasikitika kama amepewa habari ya msiba. Akaanza kuniletea chakula, ugali wa muhogo na samaki wetu wa ziwani, migebuka, waliopikwa kwa mawese, kwenye hotipoti aliyoifunga na kitambaa, na tulikuwa tunafunga mlango wa chumba changu tunakula mimi na yeye, na anapenda kunisukumia kipande cha kichwa. Bi Recho, nilianza kumsubiri. Nikisikia hatua za polepole kwenye ngazi nilikuwa navaa koti vizuri kama mtoto anayesubiri mgeni.

Sasa yakaja maneno. Kuna dalali wa viwanja, Hamdani, ambaye huleta wauzaji na wanunuzi kwangu, siku moja alikutana na bibi ngazini akiwa na hotipoti, akaingia kwangu anacheka, akasema, "Wakili, kile kiwanja cha bibi kipo kando ya lami pale Mwandiga. Umecheza vizuri." Nilijifanya natafuta kalamu. Lakini tangu hapo nikawa namwona bibi kwa macho ya Hamdani, yaani nikawa najiuliza watu wanaopanda ngazi wanafikiria nini, na bibi alipokuja tena niliacha mlango wazi na nikamwambia nina kazi nyingi.

Wiki iliyofuata akaja bila chakula. Amekutwa na uvimbe tumboni, hospitali wamemwambia atafanyiwa upasuaji, na wamemwambia aje na ndugu. Akakaa, akavua kandambili kama anavyofanya siku zote, akaniambia ameshapata dawa ya jambo hilo. Akaniomba niandike kiapo kwamba mimi Wilfred ni mwanawe wa kumzaa, yeye ataapa, na niandike pia kwamba kiwanja kile kitakuwa changu. Nilimwambia majirani zake si wapo, na watu wa jumuiya yake kanisani.

"Majirani ni wema, wataniletea uji," akasema. "Mimi nataka mmoja wa kupigiwa simu nikifa."

Naomba uniamini nikikuambia kwamba kiwanja sikukifikiria hata kidogo. Nilichofikiria ni lile neno mwanawe, na nilifurahi, nilifurahi mpaka nikaogopa, vidole vyangu vilikuwa vimeshafika kwenye kompyuta, nimeshaandika "Mimi, Révérienne Manariyo". Halafu nikamwona Hamdani anacheka, nikajiona naitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya mawakili, na kilichotoka mdomoni mwangu ilikuwa sheria. Nikamwambia kwamba kuapa uongo ni kosa la jinai, kwamba anaweza kufungwa, kwamba mimi naweza kunyang'anywa leseni, kwamba wakili haruhusiwi kuandaa hati inayompa yeye mwenyewe mali ya mteja, nikamwambia yote kwa sauti ile ninayowapa wateja wasumbufu, na mlango ukiwa wazi ili Regina asikie.

Bibi akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Basi andika la kweli."

Nikamuuliza lipi.

"Kwamba sina mtu."

Na mimi nikaandika, Bi Recho. Nikaandika kwamba yeye, mkazi wa Mwandiga, mjane, Mkristo, anaapa kwamba hana mume, hana mtoto, hana ndugu wala mtu yeyote duniani wa kumsimamia. Nikamsomea. Akashika Biblia, akaapa, akaomba Mungu amsaidie kama kiapo kinavyosema, akasaini kwa herufi zake kubwa zinazopanda, nikagonga muhuri juu ya jina langu. Akavaa kandambili. Akaniambia, "Asante, mheshimiwa," na tangu nimjue hajawahi kuniita hivyo.

Hajarudi tena. Muuguzi wa hospitali alinipigia simu, akasema bibi ameleta hati yenye muhuri wangu, upasuaji hauna tatizo, tatizo ni nani atakaa naye akitoka chumba cha upasuaji. Nikamjibu kwamba hati ile ni kauli ya mwapaji mwenyewe, mimi nilishuhudia kiapo tu. Akasema sawa, akakata. Jumamosi nikaendesha gari mpaka Mwandiga, nikasimama ng'ambo ya barabara, nikamwona kando ya nyumba yake ameketi anamenya mihogo, na mimi nikageuza gari nikarudi mjini. Nilishindwa kujua nikifika niseme mimi ni nani. Analazwa wiki ijayo.

Nisaidie. Nikienda hospitali naenda kama nani, kama wakili watasema nafuata kiwanja, na mtoto wake si mimi. Na ni aibu kwa mwanaume wa umri wangu kutamani kuitwa mwana na mtu asiyemzaa? Namba yangu ya simu nimeiandika chini, usiichapishe.

Wilfred, Kigoma


BI RECHO ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole. Pole hiyo ni ya kweli, ishike, kwa sababu yanayofuata si matamu.

Unasema uliogopa kuandika kiapo cha uongo. Ulifanya vizuri kukataa kile cha kwanza, hukumzaa wala hakukuzaa, na mimi sitakufundisha kazi yako. Lakini umekataa uongo mmoja na dakika ileile ukagonga muhuri kwenye mwingine. Bibi aliapa kwamba hana mtu, na wewe uliyekula ugali wake milango imefungwa ulikuwa umekaa mbele yake, kalamu mkononi, ukijua si kweli. Yeye hakudanganya, alikuwa ameshauona mlango wazi na kuisikia ile sauti ya wateja wasumbufu, aliandikisha alichokiona. Wewe ndiye uliyejua zaidi ukanyamaza. Kamati yako ya nidhamu haiwezi kukushtaki kwa hilo. Umejishtaki mwenyewe, ndiyo maana uligeuza gari Mwandiga na barua imefika kwangu.

Halafu Hamdani. Mtu ametamka maneno mawili akicheka, wewe ukampa kiti ndani ya kichwa chako akakaa wiki nzima anakuamulia mambo. Dalali anaona viwanja, ndiyo riziki yake, hata akiangalia msiba anaona kiwanja. Ulipaswa kumjibu palepale. Ukajifanya unatafuta kalamu.

Hapa gazetini barua husubiri zamu, yako niliitoa kwenye foleni kwa sababu upasuaji hausubiri, na kama unavyokumbuka nilikupigia simu. Wasomaji hawajui tulichozungumza, nitawaeleza kwa ufupi, na ulishaniruhusu. Nilikuambia uende Mwandiga jioni ileile, bila tai, gari uliache mbali, na ukifika usitaje kifungu chochote. Uliniuliza useme nini. Nikakuambia sema, "Bibi, nilikosea kuandika ile hati," kisha unyamaze, maana nyie mawakili mkiachiwa mnaongeza.

Kesho yake ulinieleza yaliyotokea. Ulifika, hakusimama, hakukwambia karibu. Ulisema sentensi yako. Aliendelea kumenya, akakuacha umesimama hapo mpaka miguu ikachoka, mwishowe akakusogezea kigoda na kisu, mkamenya mihogo wote wawili bila maneno mpaka giza likaanza. Uliponisimulia ulikuwa na wasiwasi kwamba hajakuambia amekusamehe. Mdogo wangu, mama amempa kisu chake mtu aliyemvunja moyo, wewe unataka akuandikie na risiti? Ngoja. Huenda akasema, huenda asiseme kabisa, na itabidi uishi na yote mawili.

Sasa sikiliza ya kufanya.

Kuhusu hospitali nilimuuliza muuguzi mstaafu ninayemfahamu. Bibi ana akili zake timamu, ruhusa ya kupasuliwa anasaini mwenyewe, jambo ambalo wakili mzima ulipaswa kulikumbuka kama hofu isingekujaa. Wanachotafuta ni mtu wa kumshika akitoka ndani, wa kumnawisha, wa kukimbilia dawa, na namba ya kupiga. Wakikuuliza wewe ni nani wake, waambie ni rafiki yake na uandikishe namba yako. Hilo si uongo na halihitaji muhuri. Ile hati yako mwombe bibi ruhusa ukaichukue hospitali, na kama anataka kuichana aichane yeye.

Wodi ni ya wanawake, hutaruhusiwa kulala. Mwombe Regina alale naye usiku, wewe ukae mchana. Najua kumwomba mtu msaada kwako ni kazi kuliko kesi ya mauaji. Huyo dada amekaa ofisi moja nawe miaka yote hiyo, ameona hotipoti zikiingia na alisikia uliyomwambia bibi, na katika barua yote umemtaja kama mashine ya kuchapa. Muulize kwanza anaishi wapi na ana watoto wangapi. Unalalamika mji mzima unakuita mheshimiwa, na wewe unawaita wateja.

Beba beseni, kanga mbili, chupa ya chai, kikombe, sabuni. Uji usinunue, wale majirani uliowataja waachie kazi hiyo, wanataka kusaidia na wanamjua kuliko wewe.

Kiwanja. Akipata nguvu mpeleke kwa wakili mwingine, usipande naye ngazi, subiri barabarani, akaandike wosia ampe anayemtaka, kanisa, wa ukoo wa mumewe, yeyote, na jina lako lisiwemo. Akikataa, wewe kataa mara mbili. Akikuuliza kwa nini, mwambie unataka uwe na sababu moja tu ya kwenda Mwandiga. Halafu Hamdani mwambie mwenyewe, mbele ya watu, kwamba kiwanja kina wosia na wewe haumo. Atapoteza hamu siku hiyohiyo.

Umeniuliza kama ni aibu kutamani kuitwa mwana. Sioni aibu. Mama yako alizikwa wewe ukiwa chumba cha mtihani, hukupata hata kushika koleo, na tangu hapo umekuwa ukiwauliza watu jina la mama kila siku ya kazi na kuandika majibu yao. Aibu ni kumpenda mtu kwa kificho kama vile umeiba. Lakini usimtwike yeye peke yake upweke wako wote, ana miaka sabini na tumbo linalokwenda kupasuliwa. Mpigie dada yako wa Mbeya, si kwa ujumbe, kwa sauti, umweleze habari za huyu bibi. Mezani kwako weka kiti cha pili na umwalike mtu, hata kama atakula haraka mara ya kwanza.

Siwezi kukuahidi kwamba upasuaji utakwenda vizuri. Ukienda vibaya, wewe ndiye utakayepigiwa simu, na utazika, safari hii utakuwepo. Ukienda vizuri, atakuwa mkali, atadai chumvi waliyomkataza na atakusema mbele ya wodi nzima. Vumilia vyote viwili.

Gazeti hili linatoka siku anayolazwa. Kama unausoma ukurasa huu ukiwa ofisini kwako, funga mlango sasa hivi, waambie walioko ngazini warudi kesho kutwa, uende.